Valvu Yenye Masikio: Jinsi ya Kuitambua, Kuituliza na Kuibadilishia Kazi

Nyumbani kwangu Sinza, amplifaya ilianza kuitikia mlango. Mtu akiufunga kwa nguvu, spika ya kushoto inalia "tiiing", mlio mrefu unaofifia taratibu kama wa glasi iliyogongwa kwa kijiko. Mara ya kwanza nilikwenda jikoni kuangalia nani amevunja nini. Baada ya wiki mbili hata bajaji ikiruka tuta nje ya geti, spika nayo inajibu.

Nilifanya wanachofanya wengi: nikailaumu valvu, kile kichupa cha kioo kinachowaka ndani ya amplifaya na kukuza mawimbi ya sauti, nikaagiza nne mpya kutoka Ulaya, nikasubiri zaidi ya mwezi, nikazichomeka kwa shangwe. Nikaenda mlangoni, nikaubamiza. Tiiing.

Ndipo nikaibeba mashine hadi Gerezani kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi enzi ambazo redio za sebuleni bado zilikuwa za valvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa au umeleta maiti?"

Nikamweleza yote: mlango, bajaji, valvu nne mpya. Alinisikiliza hadi mwisho, wala hakufungua kifuniko.

"Nyumbani umeiweka juu ya nini?"

Juu ya rafu.

"Rafu imeshikwa na nini?"

Ukuta.

"Ukuta upi, kijana?"

Ule ule wenye mlango.

Basi mwongozo huu umejengwa juu ya maswali hayo matatu. Hapa Dar valvu si kitu cha kutuma mtoto dukani. Inaagizwa nje, inalipiwa usafiri, na ikifika mbovu, kuirudisha ni gharama nyingine. Kabla ya kufungua pochi, ifuate njia ya mtetemo kuanzia unapozaliwa hadi unapoingia kwenye kioo. Mara nyingi utaukata njiani bila kununua chochote cha maana.

Kwa nini valvu husikia

Chukua valvu ndogo iliyozoeleka kuliko zote, ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7. Katikati kuna kathodi, kijibomba kinachopashwa moto hadi nyuzijoto zaidi ya 700 za Selsiasi ili kitoe elektroni. Kukizunguka kuna gridi, waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa mara nyingi kama uzi kwenye kibiringo. Nje ya hapo kuna anodi, bati linalopokea elektroni zilizopita. Gridi ndiye bawabu: volti ndogo inayofika kwake ndiyo inayoamua elektroni ngapi zipite.

Sasa bawabu huyu anakaa karibu mno na kathodi, sehemu ndogo tu ya milimita. Akitikisika hata kidogo, umbali ule unabadilika, na idadi ya elektroni zinazopita inabadilika nao. Amplifaya haina namna ya kujua kama badiliko limetoka kwenye santuri au kwenye mlango. Kazi yake ni kukuza, inakuza. Valvu imegeuka kipaza sauti, na ndiyo maana tabia hii huitwa umaikrofoniki.

Sehemu zote hizo zimeshikiliwa juu na chini na visahani vya ulanga, yale madini yanayometameta ambayo Wajerumani waliyachimba kwenye Milima ya Uluguru. Visahani hivyo vina vitundu, na miguu ya gridi na kathodi imepenya humo. Kwa miaka ya kuwaka na kupoa, au kwa kifurushi kilichotupwatupwa safarini, vitundu hupanuka na sehemu huanza kucheza. Kwa hiyo valvu ya miaka 40 inaweza kuwa kimya kama maji ya mtungini, na iliyotoka kiwandani mwaka huu ikaimba.

Kila valvu husikia kidogo. Tatizo huja pale inaposikia sana ikiwa imewekwa mahali ambapo kila kinachosikika hukuzwa mno. Mahali hapo pabaya kuliko pote ni valvu ya kwanza ya hatua ya fono, ile inayopokea mawimbi kutoka kwenye sindano ya gramafoni. Sindano ya kawaida ya sumaku inayotembea hutoa kama milivolti 5 tu. Hatua ya fono huikuza kama mara 100 katika masafa ya kati, na katika besi ya chini kabisa hufikia karibu mara 900, kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na inabidi irudishwe. Baada ya hapo amplifaya kubwa nayo inaongeza zake. Nyayo za paka zikipita humo zitatoka kama ngoma.

Kwanza, usijiue

Ndani ya amplifaya ya valvu kuna umeme mnyofu wa volti 250 hadi 400, wakati mwingine zaidi. Ukichomoa waya ukutani umeme huo hauondoki. Unabaki kwenye kapasita kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, na unaweza kubaki muda mrefu. Vipimo karibu vyote vya mwongozo huu vinafanyika kwa nje, kifuniko cha chini kikiwa kimefungwa, valvu tu zikiwa zinaonekana. Pale nitakaposema ufungue, ni kwa mwenye mita na anayejua kuisoma. Zima, chomoa, subiri, pima volti kwenye kapasita. Zikiwepo, ziondoe kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye wati 5 au zaidi iliyofungwa kwenye waya wenye ganda zuri, kisha pima tena. Mkono mmoja ufanye kazi, mwingine ukae mfukoni. Kuzipiga shoti kwa bisibisi ni mchezo wa mafundi wanaopenda cheche, na cheche hizo huharibu kapasita na bisibisi vyote viwili.

Valvu kubwa za mwisho kama EL34 au KT88 zina kioo cha kuunguza ngozi papo hapo. Usizishike zikiwa zimewaka, hata kwa kitambaa.

Hatua ya 1: Utambue mlio

Nusu ya wanaosema "valvu yangu ina maikrofoniki" wana ugonjwa mwingine. Mvumo wa chini usiokoma, "mmmm", ni wa umeme wa TANESCO wa 50 Hz au mwenzake wa 100 Hz; hapo tafuta ethi mbovu, waya wa gramafoni usioungwa vizuri, au kapasita zilizochoka. Mlio wa "shhhh" kama wa nazi ikikaangika ni kelele ya kawaida ya valvu na rezista. Kukwaruza na kupasukapasuka kusikotegemea kuguswa ni soketi chafu, rezista inayokufa au lehemu iliyopasuka.

Maikrofoniki ina sura mbili. Ya kwanza ni hiyo "tiiing", ambayo huja kwa kuguswa au kutikiswa na kufifia yenyewe. Ya pili ni kuvuma: unaongeza sauti, ghafla spika inaanza kulia "uuuu" au kupiga mluzi, na haiachi hadi upunguze. Hapo sauti ya spika imeitikisa valvu, valvu imetoa mawimbi, amplifaya imeyakuza, spika imelia zaidi, na mduara umejifunga. Ni kile kile kinachotokea harusini MC akipita na maiki mbele ya spika.

Jambo moja la kukutuliza: valvu ikipata moto utasikia "tik, tik" kutoka kwenye kioo chenyewe, si kwenye spika. Ni chuma kinatanuka.

Hatua ya 2: Je, ni valvu au ni gramafoni?

Kipimo hiki kingeniokolea wiki nzima ningekijua mapema. Acha mashine iwake dakika 15 hadi 20, kwa sababu valvu iliyo vuguvugu haina tabia ya valvu iliyokolea moto. Weka santuri lakini usiizungushe. Shusha sindano juu yake ikiwa imesimama, kisha ongeza sauti taratibu, mkono ukibaki kwenye kitufe. Ikianza kuvuma, rudisha chini haraka. Sasa nyanyua sindano, mkono wake uurudishe kwenye kishikio, na uongeze sauti hadi pale pale.

Ikivuma sindano ikiwa imeshuka na ikanyamaza ikinyanyuliwa, valvu haina hatia. Kinachosikia ni santuri na sindano. Hangaika na meza ya gramafoni. Ikivuma hata sindano ikiwa juu, mshukiwa ni valvu au kitu kilicho karibu nayo.

Kama amplifaya ina tundu la hedifoni linalozima spika, rudia kwa hedifoni. Mvumo ukipotea kabisa, umethibitisha kuwa unasafiri kutoka kwenye spika kupitia hewa na fanicha. Habari njema hiyo, maana njia hiyo hukatika kirahisi.

Hatua ya 3: Gonga kwa kijiti cha mshikaki

Vitabu husema penseli yenye ufutio, nayo inafaa, ila mimi natumia kijiti cha mianzi cha mshikaki, kikavu, ncha yake nimeizungushia tabaka mbili za utepe wa kitambaa. Ni kirefu, kwa hiyo vidole vinakaa mbali na moto, na mianzi mikavu haipitishi umeme.

Weka sauti pale unaposikilizia muziki kwa kawaida, bila muziki wowote. Gonga kila valvu ndogo kwa upole, mara moja, ubavuni. Upole maana yake ni nguvu ya kumwamsha mtoto usingizini bila kumtia hasira. Kisha sikiliza vitu viwili: ukubwa wa mlio, na mkia wake.

"Tk" fupi inayokufa papo hapo ni ya kawaida, hasa kwenye valvu ya kwanza. "Tiiiing" yenye mkia wa sekunde nzima au zaidi ni maikrofoniki ya kukera. Mlio wa mtikisiko kama punje za mchele ndani ya kopo unaonyesha kitu kimelegea ndani, hiyo iondoe. Na ukisikia kukwaruza badala ya kengele, gusa valvu uisukume kidogo kando: kama kelele inafuata mkono wako, soketi ndiyo yenye shida.

Kosa la wengi hapa ni kulinganisha valvu ya kwanza na ya tatu, wakasema ya kwanza mbovu kwa sababu inalia zaidi. Lazima ilie zaidi, nyuma yake kuna ukuzaji wote wa mashine. Valvu hulinganishwa zikiwa zimekaa kiti kimoja.

Na hilo ndilo linatupeleka kwenye kubadilishana. Zima, subiri zipoe, chomoa ya kushoto na ya kulia za nafasi ile ile, zibadilishe. Zishike chini, karibu na soketi, uzitoe kwa kuyumbisha kidogo sana huku ukivuta juu wima. Washa, subiri dakika 15, gonga tena. "Tiiing" ikihamia spika ya kulia, umemkamata mhusika. Ikibaki kushoto, valvu umeionea, mwenye kosa ni soketi, waya, au kitu ndani ya bodi. Mara nyingine ni kapasita za seramiki, ambazo nazo hutoa umeme zikitikiswa. Wakati mwingine ni lehemu iliyopoa vibaya. Hata waya wa kuunganishia hulia ukitingishwa, utingishe uone.

Mashine yenye valvu moja ya pande zote mbili haikupi nafasi hii. ECC83 ina nusu mbili ndani ya kioo kimoja, na baadhi ya priampu (kikuza sauti cha mwanzo, kabla ya amplifaya kubwa) hutumia nusu kwa kushoto na nusu kwa kulia. Hapo azima valvu ya aina ile ile kutoka nafasi nyingine ya mashine hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Soketi na chumvi ya bahari

Wakazi wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach wanajua upepo wa bahari unavyokula mabati. Miguu ya valvu nayo inaliwa, taratibu. Mguu wenye ukungu mweusi hugusa na kuachia, na kila unapoachia amplifaya inalia, ukidhani ni maikrofoniki.

Nunua isopropili kwa mafundi simu wa Kariakoo, wanayo wakati wote. Futa miguu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi hadi ing'ae. Spiriti ya duka la dawa inafaa ukikosa, lakini ina maji ndani yake, kwa hiyo acha ikauke kabisa. Soketi ipulizie dawa ya kusafishia kontakti, chomeka na uchomoe valvu mara tano au sita, acha ikauke. Usitumie msasa, utaondoa kutu pamoja na kilichokuwa kinazuia kutu.

Soketi iliyolegea, ambayo valvu inayumba humo kama jino la mtoto, hubanwa kwa sindano nyembamba kila tundu kwa ndani. Hapa ndipo penye kufungua mashine, kwa hiyo rudi juu usome habari ya kapasita.

Hatua ya 5: Rafu, ukuta na stabilaiza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo lilipokuwa tatizo langu, na nadhani ndipo yalipo mengi ya wengine.

Rafu yangu ilikuwa ubao wa mninga wa kupendeza uliofungwa ukutani kwa pembe za chuma. Mbao ngumu iliyobanwa kwenye ukuta ni kama sanduku la gitaa: kila kinachougonga ukuta kinafika juu yake kikiwa kimekua. Juu ya ubao huo nilikuwa nimepanga priampu, amplifaya, na pembeni yake stabilaiza, kwa sababu umeme wetu nani asiyeujua. Transfoma ndani ya stabilaiza hutetemeka mara 100 kwa sekunde muda wote imewashwa. Weka kiganja juu yake utaisikia. Kulikuwa na mvumo mdogo kwenye spika niliokuwa nimeuzoea kwa miaka miwili, nikiuita mvumo wa umeme. Mzee wa Gerezani alinipa kipimo: niinyanyue stabilaiza kwa mikono sentimita mbili tu kutoka kwenye ubao, bila kuisogeza mbali. Sumaku yake haipungui sana kwa sentimita mbili, lakini mtetemo kwenye ubao unakatika. Nikanyanyua, mvumo ukakatika. Nikaishusha, ukarudi. Nilirudia mara nne kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Kipimo kingine ambacho nimekizoea sasa: chukua simu, iweke kwenye hali ya ndege ili mawimbi yake yasikuchanganye, tega kengele ya mtetemo bila sauti, uilaze kwenye rafu. Ikianza kutetemeka, sikiliza spika. Ukiisikia simu ikinguruma ndani ya spika, rafu inaongea na valvu. Ilaze sakafuni, kwenye meza nyingine, juu ya spika yenyewe, na utachora ramani ya nyumba yako kwa dakika kumi. Usisahau pangaboi iliyolegea darini na kikompresa cha friji upande wa pili wa ukuta.

Tiba yenyewe ni rahisi. Vitu vinavyotetemeka vitoke kwenye rafu ya valvu: stabilaiza ikae sakafuni, spika zikae kwenye stendi zake au sakafuni, kamwe zisiwe kwenye kabati moja na priampu. Mashine ihame ukutani iende kwenye meza nzito inayosimama juu ya saruji. Nyumba nyingi za Dar zina sakafu ya saruji juu ya ardhi. Ni bahati ambayo wenye sakafu za mbao huko Ulaya huilipia pesa nyingi.

Kisha laini na zito. Nenda kwa mafundi wa kaunta za jikoni, omba kipande cha granaiti kilichobaki, ukubwa unaozidi kidogo priampu yako. Chini ya granaiti weka vipande vinne vya kitu kinachonepa: nusu za mipira ya tenisi, au soli za ndala kuukuu zilizokatwa vipande sawa. Priampu ikae juu ya jiwe. Uzito wa jiwe hukataa kutikisika haraka, na ulaini chini yake hunyonya kinachopanda. Ukibonyeza kona kwa kidole inatakiwa izame kidogo na kurudi. Isipozama, vipande ni vigumu au ni vikubwa mno, vikate. Ikizama na kubaki huko, vimelemewa; ongeza. Acha hewa ipite chini ya mashine, kwa sababu Januari na Februari chumba chetu chenyewe tayari ni jiko.

Baada ya kuhamisha stabilaiza na kuiweka priampu juu ya granaiti na ndala za mke wangu (aliniuliza ya pili iko wapi, nikamwambia iko kazini), nilibamiza mlango. "Tk." Nusu ya tatizo ilikuwa imekwisha bila valvu kuguswa.

Wenye redio za zamani za mbao, zile Grundig na Philips zilizorithiwa, wana shauri lao peke yao. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio za kuisikilizia zilikuwa za valvu, na ndani ya kabati moja kulikuwa na spika na valvu, vikikaa kama majirani wa chumba kimoja cha kupanga. Watengenezaji walijua hatari hiyo, wakaikalisha chesisi (fremu ya chuma inayobeba valvu) au kapasita ya kutafutia stesheni juu ya vipira laini. Vipira hivyo baada ya miaka 60 ni mawe. Redio ikivuma masafa mafupi ukiongeza sauti, badilisha vipira kabla ya kugusa valvu.

Hatua ya 6: Pete za kutuliza, na namna nilivyozikaanga

Ikiwa valvu bado ina mkia mrefu, unaweza kuivisha pete. Pete ya mpira inayobana kioo hunyonya mtetemo na kufupisha mkia, ingawa haiiponyi valvu. Sikiliza kwa kijiti kabla na baada; usiposikia tofauti, ivue.

Pete lazima ziwe za silikoni, ambayo huvumilia joto la nyuzi 200 hivi. Mimi, kwa ubahili, nilinunua oringi nyeusi za bomba dukani, zile za kuzuia maji yasivuje. Hizo nyingi huvumilia kama nyuzi 100 tu. Jioni ya kwanza sebule ilinuka kama tairi linaloungua kwenye maandamano, na asubuhi oringi moja ilikuwa imegandia kwenye kioo kama ubani. Ukiwa dukani uliza silikoni, na ukitilia shaka usinunue. Ukubwa wa kubana bila kukaza: ECC83 ina kipenyo cha kama milimita 22, kwa hiyo pete yenye tundu la milimita 18 hadi 20 inakaa vizuri. Mbili zinatosha. Valvu kubwa za mwisho usizivishe kitu. Zinahitaji kupoa, na kwa nadra sana ndizo zenye tatizo hili.

Baadhi ya soketi zina kikopo cha chuma chenye springi ndani. Watu hukitupa kwa sababu kinaficha mwanga wa valvu. Kirudishe. Springi ile inaikandamiza valvu isicheze, na chuma kinazuia mvumo.

Hatua ya 7: Mbadilishie kazi

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko pete zote. Valvu inayosikia sana haifai kiti cha mbele, lakini kiti cha nyuma inakifaa bila shida. Mawimbi yakifika hatua za mwisho tayari ni makubwa, hesabu yake ni volti na si milivolti, na "tiiing" ya valvu ile inabaki ndogo ile ile. Haisikiki tena.

Basi zichukue ECC83 zako zote, zijaribu moja moja kwenye kiti kimoja, kile cha kwanza, kwa kugonga. Zipange kutoka kimya hadi kelele. Zilizo kimya ziende hatua ya fono. Zinazofuata ziende hatua ya laini, ile inayopokea mawimbi baada ya fono. Ile inayoimba ipeleke nafasi ya kugawa mawimbi sehemu mbili kwa ajili ya valvu kubwa za mwisho, ikiwa mashine yako inatumia ECC83 hapo. Andika kwenye boksi la kila moja, si kwenye kioo, kwa sababu maandishi ya kioo hufutika kirahisi hata yale ya kiwandani.

Badilishana valvu za jina moja tu. ECC82 inaingia kwenye tundu la ECC83 bila kulalamika, lakini ukuzaji wake ni kama 17 hadi 20 badala ya 100, na mashine iliyopangiwa moja haiko sawa na nyingine. ECC88 nayo ina miguu tisa ile ile, ila filamenti yake, waya unaoipasha kathodi moto, imeungwa tofauti. Kadhalika 6N2P ya Kirusi, ambayo watu huiita ndugu wa ECC83. Undugu huo unaishia kwenye filamenti. Kufanana kwa miguu si ruhusa ya kuchomeka.

Hatua ya 8: Ukilazimika kununua

Mwambie muuzaji unataka valvu iliyopimwa kwa maikrofoniki kwa ajili ya nafasi ya kwanza ya fono, si "ECC83 nzuri" tu. Wauzaji makini hupima na kutoza zaidi kidogo, na nyongeza hiyo inalipa. Huhitaji nne za daraja hilo. Nunua moja au mbili za mbele, nyuma ziendelee zile zile. Kwa kawaida zenye anodi fupi hutulia kuliko zenye anodi ndefu, kwa sababu bati refu huyumba zaidi. ECC83S za JJ kutoka Slovakia ni za anodi fupi, bei yake inavumilika, na ndizo ningeanza nazo.

Kuna pia 5751, iliyotengenezwa kuwa ngumu zaidi kuliko ECC83. Ukuzaji wake ni 70, kwa hiyo sauti inashuka kidogo, kitu cha desibeli 3, na filamenti yake inakula ampea 0.35 badala ya 0.3. Mashine nyingi zinaimudu. Muulize fundi wako au angalia mchoro.

Ikifika, iangalie kabla ya kuichomeka. Doa la fedha kwenye kioo linatakiwa ling'ae. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na hiyo ni maiti aliyoniuliza mzee. Ichomeke, iache iwake saa kadhaa, igonge siku ya kwanza na uigonge tena baada ya wiki, maana nyingine hutulia zikishazoea joto. Vyote vifanye kabla muda wa kurudisha haujapita. Mimi moja kati ya zile nne ilikuwa inaimba kuliko ya zamani. Muuzaji alikubali kuipokea, usafiri juu yangu. Nikapiga hesabu, nikaivisha pete mbili za silikoni, nikaipeleka nyuma kabisa.

Iko huko hadi leo. Ile ya zamani niliyoihukumu kwanza iko mbele, juu ya granaiti na soli ya ndala, na mlango wa sebuleni nimeuwekea kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye fremu.